Bledi ya Tatu

Kila siku saa kumi jioni, wanafunzi waliokuwa wakirudi nyumbani katika mtaa wa Majimbo, mjini Embu, walifika mahali fulani wakavuka barabara. Hapakuwa na kivuko hapo, wala upande wa pili hapakuwa na duka la peremende. Walivuka kwa sababu upande huu palikuwa na karakana ya Ireri, na Ireri alitengeneza majeneza. Wakishaipita karakana, walivuka tena wakarudi upande wao. Watu wa mji wetu ni werevu sana, lakini wakiona jeneza werevu wote huwatoka.

Mwanafunzi mmoja tu ndiye hakuvuka. Huyo alikuwa Lorna wa Gredi ya Saba, binti ya Ireri. Yeye alikwenda moja kwa moja, mkoba mgongoni, hadi mlangoni pa karakana. Alizoea kuvisikia vicheko vikififia upande wa pili wa barabara, kisha vikianza tena mbele. Alizoea, lakini kuzoea si kutoumia.

"Baba Lorna hupima watu kwa macho," watoto waliambiana. "Akikuangalia mara mbili, tayari anajua jeneza lako litakuwa futi ngapi."

Maneno hayo yalimfikia Ireri mwenyewe. Basi kila alipotembea mjini aliangalia miguu yake ili asimtishe mtu. Lorna alipomwona baba yake akipita sokoni hivyo, ameinamisha kichwa mithili ya mtu aliyeangusha kitu, alitamani kulia. Mama yake angemfariji, lakini mama alikuwa na hoteli ndogo ya chapati huko Kangeta, karibu na soko la miraa, naye alikuja nyumbani mara mbili tu kwa mwezi. Siku nyingine zote walikuwa wawili, Lorna na baba yake, na harufu ya mbao.

Jioni Lorna alifagia maranda, akachemsha chai, akafanya kazi ya shule kwenye kona ya meza ya useremala. Baada ya hapo baba yake alimruhusu kukaa kwenye mashine ya maua. Hivyo ndivyo Ireri alivyouita msumeno wake mdogo wa umeme, ule uliokata maua ya kupamba vifuniko na herufi za majina ya misalabani. Haukuwa na mdomo mkubwa kama misumeno mingine. Ulikuwa na bledi moja tu, utepe mwembamba wa chuma wenye meno, uliofungwa kwa kibano juu na kibano chini, nao ulipanda na kushuka haraka kama sindano ya cherehani.

Kabla ya kumwachia akae, baba alimuuliza maswali yaleyale kila siku.

"Haya Mami, kwanza?" Alimwita Mami kwa sababu Lorna lilikuwa jina la nyanya yake, mama mzazi wa Ireri.

"Natoa plagi. Kiwiko kinaweza kugusa swichi, na kidole kikikatika hakioti tena."

"Halafu?"

"Nachagua bledi. Ubao mnene, meno makubwa. Ubao mwembamba, meno madogo. Meno kama matatu hivi yakae ndani ya unene wa ubao."

"Meno yaangalie wapi?"

"Chini. Napapasa kwa kidole, kutoka chini kwenda juu. Yakinikwaruza, yako sawa."

"Endelea."

"Nakaza, naigusa kwa kucha. Ikilia ting, kama uzi wa gitaa, imekazika. Ikinyamaza, imelegea. Na ubao siusukumi, nauongoza tu."

"Na bledi ikikatika?"

"Nasema."

"Lini?"

"Papo hapo."

"Vizuri. Bledi zote hukatika, hata zangu. Na kumbuka, mashine hii haiwashwi mimi nisipokuwa hapa."

Bledi za meno madogo kabisa ziliwekwa katika kopo la zamani la majani ya chai. Ni hizo zilizokata herufi ndogo za misalaba. Embu hazikupatikana. Zilitoka Nairobi, na wakati huu kopo lilikuwa na tatu.

Darasani Lorna alikaa karibu na dirisha, kwenye dawati la watu wawili, peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba hataki kukaa naye. Walikaa tu pengine. Hata kalamu hakuna aliyeiazima kutoka kwake, isije ikawa ile inayochora vipimo vya maiti. Aliyemshika mkono shuleni kote alikuwa mmoja tu, mpishi, mama mzee ambaye wanafunzi walimwita Cucu Gladwell, yaani Nyanya Gladwell. Kila alipompa sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, alimshika mkono kidogo na kusema, "Kula, mtoto wangu, unakonda." Lakini tangu mwanzo wa mwezi Cucu Gladwell alikuwa mgonjwa, amelazwa hospitalini, na anayegawa chakula sasa hakumwangalia mtu.

Kisha akaja Felicitas. Baba yake alikuwa mwalimu aliyehamishiwa Embu kutoka Kangeta. Siku ya kwanza aliingia darasani akawasalimu wote kwa Kimeru, "Muga!" na darasa zima likaangua kicheko. Alisimama pale mlangoni, masikio yamemwaka moto, akitafuta pa kukaa. Nafasi ilikuwa moja.

"Hapa kuna mtu?" akauliza.

"Hapana," Lorna akasema.

"Na ni karibu na dirisha! Kwani hawa hawapendi hewa?"

Lorna alicheka. Alishtuka kusikia kicheko chake mwenyewe, maana ulikuwa umepita muda. Wakati wa chakula cha mchana walikaa pamoja, na Felicitas alipojua kwamba mama yake Lorna anapika chapati Kangeta, alipiga makofi.

"Ile hoteli yenye mlango wa bluu? Aki nimekula huko! Sasa wewe ni mtu wetu kabisa. Na baba yako hufanya nini?"

Lorna alikuwa na kijiko mdomoni. Alikitafuna kile kijiko kwa muda.

"Ni fundi wa mbao," akasema. "Hutengeneza vitanda."

Alijiambia kwamba huo si uongo sana, kwa kuwa hata kwenye jeneza mtu hulala. Lakini usiku alipokumbuka, alijifunika blanketi hadi kichwani. Na tangu siku ile alikaa shuleni hadi wote waondoke ili Felicitas asijue anapoingia. Wenzao wengine hawakumwambia Felicitas lolote, kwa sababu hata yeye hawakuongea naye. Zilipita wiki mbili hivyo, na Lorna hakuwa amewahi kuwa na wiki mbili nzuri kama hizo.

"Hapa kila mtu anakosea jina langu," Felicitas alilalamika Ijumaa moja. "Mara Felista, mara Felisia. Ningekuwa na uwezo ningelichonga kwa mbao niliweke juu ya dawati walisome."

Jumamosi Ireri alikwenda Runyenjes kununua mbao. Lorna alibaki karakanani na funguo, na wazo. Angemkatia rafiki yake jina, herufi tisa zilizosimama juu ya kitako kimoja, ili lisimame juu ya dawati. Alijua hatakiwi kuwasha mashine peke yake. Alijiambia kwamba ni mara moja tu.

Alichukua kipande cha ubao wa mukima, ule mti unaopandwa kila shamba huku kwetu. Kilikuwa kinene, karibu inchi moja, maana alitaka zawadi iwe nzito mkononi. Kwenye kopo alichagua bledi ya meno madogo kabisa kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote. Hapo ndipo alipokosea. Meno madogo katika ubao mnene ni sawa na kulima shamba kwa kijiko. Bledi ilipata moto, moshi ukatoka, Lorna akasukuma, na kwenye kona ya herufi L ikakatika, pa!

Alifunga ya pili. Sasa alikuwa na haraka, na haraka haraka haina baraka. Kwenye C, ubao uliteleza kando na bledi ya pili ikaenda. Akafunga ya tatu huku machozi yakimziba macho. Hakupapasa meno wala hakusikiliza ting. Alipoiwasha, ubao uliruka juu na kugonga meza, tak-tak-tak-tak, ukataka kumtoka mikononi. Alizima mara moja. "Na hii nayo imeharibika," akasema, ingawa hakukuwa na mtu wa kumsikia.

Alizifunga zote tatu kwenye kipande cha gazeti, akazisukumia ndani kabisa ya gunia la maranda. Kazi aliimalizia kwa bledi ya meno makubwa. Ubao ule mnene ulikatika vizuri bila taabu, lakini siku hiyo hakuwa na moyo wa kujiuliza kwa nini. Baba yake aliporudi alimuuliza, "Uko salama, Mami?" naye akajibu, "Ndiyo, Baba." Papo hapo palipita, na hakusema.

Jumatatu asubuhi aliliweka jina juu ya dawati. Alikuwa amelisugua kwa msasa hadi likang'aa. FELICITAS. Felicitas alilishika kwa mikono miwili, akafungua mdomo kufurahi.

"Hebu!" sauti ilitoka nyuma yao. Alikuwa Lennox, mvulana ambaye hapitwi na jambo. "Si hizo ni herufi za makaburini? Cheki huo mkia kwa chini! Msalaba wa guka, babu yangu, uko hivyo hivyo!"

Ilikuwa kweli. Baba yake aliweka mkia mdogo chini ya kila herufi, kama mche wa maharagwe unaochipuka. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake, na Lorna hakujua kuandika herufi nyingine kwa mashine. Makaburi ya Embu nzima yalikuwa na mikia hiyo. Katika furaha yake hakukumbuka hata kidogo kwamba jina la mtu aliye hai huwa haliandikwi hivyo.

"Baba yake ni fundi wa majeneza," Lennox akaendelea. "Hukujua? Sasa jina lako liko tayari. Umebaki msalaba tu!"

Wengine walicheka, wengine waliguna. Felicitas aliliweka jina chini polepole sana.

"Ulisema vitanda," akamwambia Lorna.

Felicitas alikusanya vitabu vyake, akaenda nyuma, wakabanana watatu kwenye dawati moja. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Lorna ilikuwa imeishia pale dirishani. Aliliweka jina kwenye mkoba. Siku nzima alikaa akiangalia nafasi iliyo wazi kando yake, na aliiona kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kabla Felicitas hajaja. Mtu ambaye hajawahi kuwa na rafiki humkosa kwa namna moja. Aliyempata akampoteza humkosa kwa namna nyingine, mbaya zaidi.

Jioni alimkuta baba yake ameketi juu ya rundo la mbao, kofia mkononi.

"Mami, Cucu Gladwell wa shuleni kwenu ametuaga leo mchana," akasema. "Mazishi ni Alhamisi, kwao Kiritiri. Jeneza na msalaba ni kazi yetu. Familia inataka jina moja tu, Gladwell, lile watu wote walilomwita."

Lorna alilia, na baba yake alimwacha alie. Alimlilia yule mzee aliyemshika mkono, na huku akilia aliona baba yake akinyanyuka, akifungua kopo la majani ya chai, akilitazama ndani, akilipindua juu ya kiganja.

"Zilikuwa tatu," Ireri akasema. "Mami, umeziona bledi zangu ndogo?"

Hii ilikuwa nafasi ya pili. Lorna alifuta pua kwa mkono wa sweta. Leo alikuwa amempoteza Felicitas na Cucu Gladwell. Aliona hawezi kumpoteza na baba yake pia siku hiyohiyo.

"Sijaziona."

Ireri aliinua vifaa vyote mezani. Alitafuta chini ya meza, akavuta kila droo, akapapasa mifuko ya koti. Kisha akampigia simu yule mwenye duka wa Nairobi, akaambiwa mzigo utafika Ijumaa. Ijumaa Cucu Gladwell angekuwa amekwisha kuzikwa.

Siku ya Jumanne Lorna aliporudi kutoka shuleni, mashine ilikuwa ikilia. Baba yake alikuwa akikata herufi za msalaba kwa bledi ya meno makubwa. Ubao ulikuwa mwembamba kwa sababu mkono wa msalaba ni mwembamba, na herufi zilikuwa ndogo. Meno yale yalirarua. G ilikuwa imemeguka kichwa. A mbili zilipasuka katikati. Sakafuni palikuwa na herufi nyingi zilizovunjika, na Ireri alikuwa akikata nyingine, uso karibu ugonge ubao.

Akazima mashine, akavua miwani ya kazi.

"Nitaandika kwa rangi," akasema, kama anayeongea na ukuta. "Jumamosi niliona tatu. Labda nilizitoa nikasahau. Macho yameanza kunikataa, sasa na kichwa pia. Fundi asiyejua vifaa vyake viko wapi aache kazi. Baada ya mazishi haya nitaiuza hii mashine."

Lorna aliangalia mikono ya baba yake. Mikono ile ilikuwa imekata majina ya nusu ya mji, na sasa ilikuwa imelala magotini kana kwamba si yake. Yote aliyokuwa ameogopa, kukemewa, kuchapwa, kunyamaziwa, yalikuwa madogo mbele ya jambo hili. Alikwenda kwenye gunia la maranda, akaingiza mkono hadi begani, akatoa kile kipande cha gazeti.

"Baba, kichwa chako ni kizima," akasema. "Ni mimi."

Akamweleza yote: Felicitas, vitanda, herufi tisa, Lennox, gunia. Alilia akieleza, na maneno mengine hayakusikika vizuri, lakini hakuacha hata moja. Ireri alisikiliza hadi mwisho. Hakufoka. Alifungua gazeti, akaiweka kando bledi ya kwanza iliyokatika, akaiweka kando na ya pili. Ya tatu aliigeuza geuza, akapeleka kidole juu yake polepole.

"Hii haijavunjika."

"Imeharibika, Baba. Ubao uliruka ruka ukagonga meza, tak-tak-tak."

"Ulipapasa meno kabla ya kufunga?"

Lorna alitikisa kichwa.

"Uliyageuza yakaangalia juu. Basi kila bledi ikipanda, inauinua ubao. Hii ni nzima kabisa, Mami." Akailaza kiganjani. "Tangu Jumamosi iko ndani ya gunia, na mimi namwomba Mungu anirudishie akili."

Lorna hakuwa amewahi kusikia neno lililomuuma kama hilo. Ireri alisimama, akachomoa plagi, akavuta kiti mbele ya mashine.

"Kaa."

"Mimi?"

"Mimi siwezi kuiona tena njia ya kupitisha bledi kwenye tundu la drili. Wewe unaiona. Tuna moja tu, na herufi ni nane. Haya, kwanza?"

"Nimetoa plagi... umetoa plagi," akasema Lorna.

Alipapasa meno kutoka chini kwenda juu, yakamkwaruza kidole. Akakaza kibano, akaigusa kwa kucha, ikalia ting. Baba yake alirudisha plagi na kusimama nyuma yake. G ilitoka, mkia wake mzima. L ikafuata. Kwa A ilibidi wazime, wachomoe plagi, walegeze kibano cha juu, wapitishe bledi katika tundu dogo lililotobolewa katikati ya herufi, kisha wafunge na kukaza upya. Mara mbili bledi ilimteleza vidoleni. Mara ya tatu ikapita. Kwa D walirudia yote hayo tena.

"Unasukuma," baba yake akasema walipofika W.

Lorna alilegeza mabega. Aliuacha ubao uende kwa mwendo wa bledi, akiugeuza taratibu kwenye kona. Alimkumbuka Cucu Gladwell akimshika mkono; naye hakuwahi kumhimiza mtu ale upesi. E ikatoka. L ya pili ikatoka. Kwenye L ya mwisho sauti ilibadilika, ikawa nzito, na harufu ya kuungua ikaanza. Ilibaki sehemu ya upana wa kidole.

Pa!

"Baba, imekatika," Lorna akasema papo hapo, na akazima.

"Nimesikia," Ireri akajibu, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Ilikuwa imechoka. Nipe kisu na ile tupa ya kusugulia." Sehemu ile ndogo aliimalizia kwa mkono.

Alhamisi basi la shule liliwapeleka wanafunzi wa Gredi ya Saba na ya Nane hadi Kiritiri, kule chini kwenye joto na ardhi nyekundu. Lorna alikaa peke yake ndani ya basi, na peke yake alisimama kaburini. Watu waliimba, mchungaji akaomba, udongo ukarudishwa. Msalaba uliposimamishwa, mwanamke mmoja wa familia aliinama akalipapasa jina herufi kwa herufi. "Hili mvua haitalifuta," akasema, na akatafuta kwa macho ni nani aliyelitengeneza. Ireri alikuwa nyuma ya watu, akiangalia miguu yake.

Watu walipoanza kutawanyika, Felicitas alibaki mbele ya msalaba. Lorna alijiambia aondoke. Miguu ikamkatalia, akamwendea.

"Nilikudanganya," akasema. "Baba yangu hutengeneza majeneza, na misalaba. Hili jina nimelikata mimi. Na lile lako sikulikata kwa ubaya. Nilitaka tu uwe nalo."

Felicitas hakumwangalia. Aliendelea kuangalia zile herufi nane.

"Unajua nilipewa jina la nani?" hatimaye akauliza. "Nyanya yangu, Kangeta. Yeye ndiye Felicitas. Msalaba wake uliandikwa kwa rangi, na mvua ya mwaka wa kwanza ikaimaliza. Sasa ni mbao mbili tu. Mwezi wa nane tulienda kupalilia, na binamu yangu akauliza hapa amelala nani." Akafuta jasho puani. "Lennox aliposema yale maneno, nilijiona ndani ya lile kaburi lisilo na jina. Ndiyo nikakimbia. Lakini pia ulinidanganya, Lorna. Ungeniambia siku ile ya kwanza ningeogopa kidogo, halafu ningezoea."

"Najua."

"Lile jina ulilitupa?"

"Hapana. Liko kwenye mkoba."

"Nalitaka," Felicitas akasema. "Si la dawati."

Jumamosi iliyofuata Felicitas alikuja karakanani, na jina mkononi, kumuuliza Ireri ni misumari gani itakayolishika kwenye msalaba wa nyanya yake bila kuupasua ubao. Alisimama mlangoni kwa muda, akiangalia majeneza mawili yaliyoegemezwa ukutani. Kisha akaingia. Ireri alimsalimu huku akiangalia sakafu, kama kawaida yake.

"Shikamoo, Baba Lorna," Felicitas akasema. "Unaweza kuniangalia. Lakini usinipime, bado ninakua!"

Ireri aliinua macho. Kwanza alishangaa, kisha akacheka hadi akashika meza. Lorna hakukumbuka ni lini alimsikia akicheka hivyo. Alimpa Felicitas misumari minne myembamba iliyopakwa mafuta, akamwonyesha mahali pa kutoboa kwanza. Alilichunguza lile jina, akapapasa kona za herufi.

"Hili umelikata kwa bledi kubwa," akamwambia Lorna. "Ubao mnene, meno makubwa. Ulikuwa na jibu mkononi na hukujua, kwa sababu ulikuwa na shughuli ya kuficha."

Lorna aliinamisha kichwa.

"Inua kichwa. Kuinama ni kazi yangu, na leo nimeacha," baba yake akasema. "Sikilizeni nyote wawili. Bledi mbili zilikatika, hilo si kitu, bledi hukatika. Lakini ya tatu ilikuwa nzima, na uongo ukaizika ikiwa nzima. Ndivyo uongo unavyofanya. Mtu huficha kilichoharibika, na kizuri kinafichwa pamoja nacho. Ukikosea, sema papo hapo, ili tuone ni nini kimebaki."

Jumatatu saa kumi jioni, wanafunzi wa Majimbo walifika mahali pao wakavuka barabara. Lennox alivuka, na wengine wote wakavuka nyuma yake. Hawajaacha hadi leo, maana tabia ya mji mzima haiishi kwa wiki moja. Lorna aliendelea moja kwa moja upande wake, na safari hii alisikia hatua nyingine kando ya zake. Felicitas aliishi kwenye njia tofauti kabisa, tena ya mbali. Walitembea hadi mlangoni pa karakana, Lorna akachukua ufagio, na Felicitas akauliza maranda yanawekwa wapi.